Anzieni Mwisho wa Mfereji

Hotuba hii niliitoa hapa Usangu, bonde la mpunga mkoani Mbeya, mbele ya viongozi wa jumuiya za watumia maji, madiwani, watendaji wa vijiji na vijana wanaosomea kazi ya maji. Wengi walikosa nafasi ukumbini na wengine walikwama njiani, kwa hiyo naiweka nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hazikuwa na jambo ambalo mdomo haukulisema.

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji, wazee wangu, mama zangu, vijana: itifaki naomba ihesabiwe imezingatiwa, kwa sababu nikianza kuwataja mmoja mmoja jua litazama.

Kamwene!

Mmeitika wa mbele tu. Ninyi wa huko nyuma, mnanisikia? Naona mikono inasema hapana. Naambiwa spika ya nyuma imekufa tangu asubuhi. Basi nitapaza sauti, na ninyi mlio karibu na mlango, ikipotea, inueni mkono nirudie. Msinionee aibu.

Ndugu zangu, kila mkutano wa maji niliohudhuria tangu ujana wangu unafunguliwa kwa kauli moja: "Maji ni uhai!" Na sisi tunaitikia kwa kishindo. Leo naomba tusiitikie. Kauli ni ya kweli, hata ndama anaijua. Lakini haijawahi kugawa ndoo moja ya maji. Anayeziba mfereji usiku ili jaruba lake lijae anaamini kabisa kwamba maji ni uhai. Ndiyo maana anaziba!

Swali langu mimi ni jingine, na nitalirudia mpaka mlichoke. Mtu wa mwisho wa mfereji, amepata?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa fundi sanifu kijana, kofia ya plastiki imenizidi kichwa, na nikaletwa kwenye mto mmoja ambao sitautaja. Wakulima wa pale walikuwa na banio la zamani, la kuelekeza maji ya mto mferejini. Mnayajua haya mabanio: miti, mawe, nyasi, magunia ya mchanga, udongo wa kushindilia. Masika mto unalibeba lote, kiangazi watu wanashuka na majembe wanalijenga upya. Na lilikuwa linavuja. Jamani, lilivuja! Sisi tuliotoka chuoni tulisimama ukingoni tukatikisa vichwa. Tukaandika kwenye ripoti: banio duni, upotevu mkubwa wa maji.

Mradi ukaleta saruji. Tukajenga banio la zege lenye lango la chuma na gurudumu la kuzungusha. Siku ya kukabidhi palipigwa ngoma, ng'ombe akachinjwa, mimi nikapigwa picha nimeshika lile gurudumu kama dereva wa meli.

Kiangazi kilichofuata, mama mmoja wa makamo akaja ofisini kwetu kutoka kijiji cha chini. Alitembea tangu alfajiri. Alikuwa na ndoo mbili tupu, akaziweka mlangoni, akakaa. Nikamuuliza, "Mama, shida gani?" Akasema, "Mwanangu, lile banio bovu lilikuwa linatuachia."

Linatuachia! Mnaona? Kile nilichokiandika kuwa upotevu kilikuwa maji ya kunywa ya kijiji kizima. Kuvuja kule ndiko kulikokuwa mgawo. Hakuna aliyewahi kuuandika, hakuna kikao kilichoupitisha, lakini kila Oktoba ulifanya kazi. Mimi nikauziba kwa zege, nikashangiliwa.

Na haikuwa kwangu peke yangu. Hadithi hiyo imetokea mto hadi mto katika bonde hili. Zamani wenyeji na Wabaluchi wa Rujewa walilima mpunga kwa mifereji ya kuchimba kwa mkono. Baadaye yakaja mashamba makubwa, Mbarali, kisha Kapunga, kisha Madibira, na miradi ya kuboresha mabanio ya wakulima wadogo. Banio likawa na uwezo wa kuchukua karibu mto mzima wakati wa kiangazi. Na mfereji ukishakuwa na maji, nani anaufunga? Mpunga umevunwa, lakini maji yanaendelea kupita: huyu anafyatua tofali, yule ananywesha ng'ombe, watoto wanavua kambale. Siwalaumu. Mtu mwenye kiu hafungi lango.

Ikafika mwaka 1993. Wazee mliopo mnaukumbuka. Ruaha Mkuu, mto ambao haukuwahi kukauka, ukakatika chini ya kinamasi cha Ihefu wakati wa kiangazi. Kule Hifadhi ya Taifa ya Ruaha viboko wakarundikana kwenye madimbwi ya tope. Na mwaka uliofuata ukakatika tena. Na uliofuata tena.

Sasa angalieni tulivyofanya sisi binadamu. Tulikaa chini kupima maji? Hapana, tulitafuta mchawi. Mkulima akamnyooshea kidole mfugaji. Mfugaji akamnyooshea mkulima. Mgao wa umeme ukija, mtu wa mjini anawasha mshumaa na kuwalaani watu wa Usangu wote, na vitunguu vyao, na ng'ombe wao. Wapo wataalamu waliokaa wakapiga hesabu. Wakaonyesha kwamba bwawa la umeme la Mtera linajazwa na mafuriko ya masika, halijazwi na matone ya Oktoba, na kwamba namna Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa ilikuwa na mchango wake katika ukame ule wa mabwawa. Nani alisoma? Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa na mifugo yao, wengine wakaishia Rufiji na Lindi, na mwaka 2008 eneo kubwa la bonde likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Je, kuhama kwa ng'ombe kulifungua malango ya mabanio? Ninyi mnaishi kando ya mto huu. Jibu mnalo, sina haja ya kuwapa.

Naomba mnielewe. Sisemi ng'ombe hawaharibu chanzo, wanaharibu. Ninachosema ni kwamba sera iliyoanza kwa kumtafuta mwenye hatia kabla ya kupima lita za maji itampata tu aliye mnyonge. Na mnyonge, mara nyingi, ndiye wa mwisho wa mfereji.

Nije kwenye kibali cha kutumia maji.

Sheria Namba 11 ya mwaka 2009 inasema rasilimali ya maji ni mali ya umma, Rais ni mdhamini. Huna maji yako, una ruhusa ya kuyatumia. Kabla yake, sera ya 2002 ilishapanga foleni: kwanza maji ya mtu nyumbani, halafu maji ya kuutunza mto wenyewe uishi, halafu ndiyo mengine yote, mpunga, umeme, kiwanda. Foleni nzuri kabisa! Tuna mabonde 9 nchi nzima na kila bonde lina bodi yake. Karatasi tunazo. Kwa karatasi hatujambo.

Lakini kibali kinaandikwaje? Lita kadhaa kwa sekunde. Lita kadhaa za lini? Aprili, mto ukiwa umefurika mpaka kwenye migomba, au Oktoba, mbuzi akivuka bila kulowa magoti? Mto unabadilika, karatasi iko palepale. Tena ukishalipa ada yake unajisikiaje? Unajisikia kama uliyekata tiketi ya basi: kiti ni changu, nyanyuka. Nimemsikia mkulima kwa masikio yangu akisema, "Nimelipia, mto ukiisha si shauri yangu." Ada tuliyoiweka ili watu wabane matumizi ikawa leseni ya kuyamaliza.

Nilipohamishiwa Upare nilifundishwa na wazee wasiojua kuandika lita kwa sekunde. Kule wana ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo, mdomo wake unazibwa jioni. Kijito kinachopita usiku mtu akiwa amelala kinakusanywa, asubuhi kinafunguliwa kwa nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Hebu fikirini akili hiyo! Maji kidogo yakifunguliwa kidogo kidogo yanaishia kwa mtu wa kwanza. Ndiva ilijengwa kwa ajili ya mtu wa mwisho. Na mgawo ni wa zamu: maji yakiwa mengi zamu yako ina mengi, yakiwa machache ina machache, kwako na kwangu. Hakuna aliyekata tiketi. Siku ya msaragambo, siku ya kusafisha mfereji, asiyekuja anatozwa. Nilimwona kiongozi wa mfereji akitozwa mwenyewe kwa sababu alikwenda harusini. Alilipa huku ananung'unika, lakini alilipa. Siku ile nilielewa kwa nini wanaitii amri yake.

Mnaniuliza: mambo ya ndiva si ya kizamani? Twendeni Hispania kidogo. Mji wa Valencia, penye mashamba yanayomwagiliwa kwa maji ya mto Turia. Kila Alhamisi saa sita mchana, nje ya mlango wa kanisa kuu, wanakaa wakulima 8 waliochaguliwa na wenzao, mmoja kwa kila mfereji, wamevaa majoho meusi. Hiyo ni mahakama. Mashtaka yanasemwa kwa mdomo. Umeiba zamu? Umeacha maji yakafurika shamba la jirani? Jieleze. Yule mjumbe anayetoka mfereji wa mshtakiwa hashiriki kutoa hukumu. Hukumu inatoka palepale, na rufaa hakuna. Wamefanya hivyo kwa mamia ya miaka, na mwaka 2009 UNESCO ikaitambua mahakama hiyo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka huohuo Elinor Ostrom, Mmarekani aliyeanza utafiti wake kwa maji ya visima vya California, akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Alichunguza watu wa namna hii: wakulima, wavuvi, wachungaji wanaojiwekea kanuni wenyewe, wanalindana wenyewe, wanaadhibiana kidogo kidogo kabla ya kufika kwenye adhabu kubwa. Wazee wa ndiva wangemsikiliza, wangemkaribisha chai, wangeuliza, "Sasa hilo nalo linahitaji tuzo?"

Na sisi hapa? Mtu ameiba zamu Jumatatu. Unakwenda kwa mtendaji, mtendaji anaandika barua, barua inakwenda wilayani, shauri linapangwa tarehe, tarehe inaahirishwa. Mpunga unasubiri ahirisho? Kesi ya maji ikichukua miezi miwili, aliyeiba ameshinda, hata kama hakimu atampata na hatia. Sihitaji majoho meusi mimi. Nahitaji siku moja ya wiki, mahali pamoja panapojulikana, na wajumbe wasiomwogopa mwenye trekta.

Sasa pesa. Naona mmeinua vichwa.

Mwaka 1971 nchi hii ilijiwekea mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Na maji ya bure. Nia ilikuwa njema, nami nimefanya kazi ndani ya nia ile. Nimefunga pampu zile. Mnajua zilikufa na nini? Nyingi zilikufa kwa kukosa dizeli, kwa kukosa mkanda, kwa kukosa nati moja iliyopaswa kutoka mkoani. Maji yalikuwa bure, kwa hiyo hayakuwa na mtu wa kuyanunulia dizeli. Mwaka 1991 ukafika, tukaandika sera mpya, na mita zetu 400 tukazisogeza mbele pamoja nasi.

Tukageuka, tukasema basi watu walipe. Sawa, walipe. Lakini nani analipa kiasi gani? Fanyeni hesabu na mimi hapa hapa. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Dumu letu ni lita 20. Uniti moja ni madumu mangapi? Hamsini! Asanteni, wa nyuma ndio mmejibu. Mama anayenunua dumu kwa shilingi 100 analipa shingapi kwa uniti? Shilingi 5,000. Akinunua kwa mwenye mkokoteni kwa shilingi 500, wakati wa mgao, analipa 25,000 kwa uniti. Sasa chukua bili ya mtu mwenye bomba ndani, anayeosha gari na kumwagilia maua, uangalie uniti yake ni shilingi ngapi. Iweke kando ya 25,000. Halafu mtu anasimama kwenye semina anasema maskini hawako tayari kulipia maji! Maskini ndiye anayelipa kuliko wote. Analipa kwa pesa, analipa kwa shingo, analipa kwa usingizi wa binti yake.

Tuliwahi kudhani dawa ni mwekezaji. Dar es Salaam, mwaka 2003, huduma ya maji ikakabidhiwa kampuni binafsi, City Water. Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba na mambo yakaishia kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Wapo wanaotumia kisa hicho kusema mtu binafsi asiguse maji kamwe. Mimi sifiki huko, kwa sababu nimeona pia vyombo vya umma na kamati za vijiji zikila pesa za maji bila kutema kokwa. Chombo chochote, cha umma, cha binafsi, cha kijiji, nakiuliza maswali mawili. Kitabu cha mapato kinasomwa wapi, na kinasomwa kwa sauti? Na bei ya dumu pale kilula, yaani bomba la umma, cha mwisho ni ngapi? Chombo kikinijibu kwa kunipeleka kwanza kuona tenki jipya, huwa nashika kofia yangu.

Kuhusu akina mama nitasema kidogo, kwa kuwa wao wenyewe wapo na wanajua kusema. Wataalamu wa dunia walikutana Dublin, Januari 1992, wakaweka kanuni nne za maji, mojawapo ikiwa kwamba mwanamke ndiye kiini cha kuyapata, kuyatunza na kuyalinda. Tukaitikia. Tukaweka wanawake nusu ya kamati. Halafu? Mweka hazina mama, mwenyekiti baba, na ufunguo wa tenki uko mfukoni mwa baba. Kuna kijiji nilifika nikakuta kilula kimejengwa jirani na kilabu cha pombe. Nikauliza nani alichagua mahali. Kamati. Akina mama walikuwepo? Walikuwepo, walikuwa wanapika chakula cha kamati. Mabinti wakawa wanakwenda kuchota mtoni kuliko kupita pale jioni. Kilula kizima, maji yanatoka, na ndoo hakuna.

Niende mbali kidogo kabla ya kumaliza, mpaka kwenye Nile.

Mwaka 1929 Waingereza waliahidiana na Misri kwamba nchi za juu ya mto walizozitawala zisijenge chochote cha kupunguza maji ya Nile bila Misri kukubali. Sisi hatukuulizwa. Tulipopata uhuru, mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan: mkataba huo hautufungi. Ndiyo msimamo wa Mwalimu Nyerere. Miaka mingi baadaye tukalaza bomba kutoka Ihelele, Ziwa Victoria, ambalo maji yake huingia Nile, mpaka Shinyanga na Kahama, likazinduliwa mwaka 2009. Nami nilifurahi. Mtu wa Shinyanga aliyekuwa anachimba mchanga wa mto kutafuta kikombe cha maji alikuwa na haki ile. Mwaka 2024 mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile umeanza kutumika, na neno lake kuu ni matumizi ya haki kwa wote, wa juu na wa chini.

Kwa nini nawaambia habari za Nile hapa Usangu? Kwa sababu kule Nile sisi tuko juu. Na mtu wa juu ana maneno matamu sana kuhusu haki yake. Hapa Usangu pia, ndugu zangu, sisi tuko juu. Maji yakituponyoka yanakwenda Ihefu, yanapita hifadhini, yanaingia Mtera, yanazungusha mitambo ya Kidatu, yanakutana na Rufiji, yanafika Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na yanamalizikia kwenye mikoko ya delta. Kule delta kuna mvuvi wa kambamiti. Hajawahi kufika Rujewa. Hajui kama kuna kitu kinaitwa Jumuiya ya Watumia Maji. Kwenye mfereji huu mrefu, yule ndiye mtu wa mwisho. Mwaka 1962 tulisema hatukubali kuamuliwa bila kuulizwa. Yeye tumemuuliza lini?

Mama wa ndoo mbili sikumwona tena. Lile banio lipo. Baada ya kikao kirefu na kijiji cha juu, na maneno makali ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mgeni rasmi, tulitoboa ukuta wa zege chini ya lango, tundu la upana wa kiganja, halina kizibo, na kufuli halifungiki. Mhandisi aliyefuata baada yangu aliandika kwamba banio linavuja. Wanakijiji wakamzuia kuziba.

Ombi langu ni moja. Kikao kijacho cha kila jumuiya iliyopo hapa kisikae ofisini. Kikae mwisho wa mfereji wenu, pale maji yanapokatikia, chini ya mti wowote utakaokuwepo. Mwende kwa miguu kutoka banioni mpaka pale, viongozi wote, kiangazi, saa nane mchana. Kama hakuna mti, kaeni juani. Kitabu cha fedha kisomwe hapo kwa sauti, na anayelima pale ndiye afungue kikao.

Nimemaliza, mheshimiwa. Naambiwa kuna muda wa maswali machache kabla ya chakula. Kipaza sauti kipelekeni mlangoni kwanza, kwa yule mzee mwenye kanzu ambaye ameinua mkono mara tatu nikajifanya simwoni.